Mtu wa Mwisho Njia Panda ya Mikonge

Kwa muda wote niliofanya kazi hii sikuwahi kufika wa kwanza mahali popote. Nilikuwa mfagiaji. Katika msafara wa pikipiki, mfagiaji ndiye anayekwenda nyuma ya watu wote. Anaokota walioanguka, anaziba pancha, na hampiti mtu yeyote hata kama mtu huyo amesimama kupiga picha za ng'ombe. Bhoke, ambaye sasa anavaa kizibao changu, ameniomba niandike ninayoyakumbuka kabla sijapotelea Chunya au kokote ambako miguu itanipeleka. Mishahara na vyeo sitavigusa. Mshahara ulikuwa mdogo na vyeo havikuwepo.

Nilizaliwa Turwa, pembeni mwa mji wa Tarime, mahali ambapo ukitoka nyumbani asubuhi unaweza kuchagua kwenda mjini au shambani. Mimi sikupenda kuchagua. Nilipomaliza kidato cha nne nilifuata rashi. Rashi ni neno la wachimbaji. Mtu mmoja akipata jiwe zuri katika shamba la mihogo, kesho yake shamba hilo lina watu wengi kuliko gulio, na keshokutwa mihogo haipo. Nilizunguka hivyo kanda ya ziwa yote, kisha rashi zikaja karibu na nyumbani, upande wa Nyamongo, nikarudi. Kuchimba sikuweza. Niliingia kwenye shimo mara moja, nikafika mahali ambapo mwanga wa juu unakuwa mdogo kama sahani, nikapanda kurudi na sikuingia tena. Nikanunua pikipiki kuukuu nikawa mbebaji: mikate, betri za tochi, beringi za karasha la kusagia mawe, na barua za watu kwenda kwa wake zao. Niseme ukweli, barua nilikuwa nazisoma. Njia ilikuwa ndefu na pancha zilikuwa nyingi.

Pikipiki hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa Fundi Issa. Karakana yake ilikuwa Bomani, nyuma ya duka la vitambaa la shemeji yake. Baba yake alitoka Tanga zamani kuja kushona magodoro, na mwana akaishia kufungua injini. Alivaa kofia nyeupe iliyofuliwa vizuri kila siku, na hadi leo sijui alifanyaje isipate grisi. Siku ya kwanza alinitazama nikijaribu kutoka kwenye tope lililokuwa mbele ya mlango wake. Nilivuta mafuta hadi mwisho. Gurudumu la nyuma lilizunguka na tope likaruka hadi kwenye vitambaa vya shemeji.

"Bwana mdogo," akaniuliza, "unafanya nini hapo?"

"Natoka, fundi."

"Hutoki, unachimba. Dhahabu iko Nyamongo. Hapa ni barabara."

Akaja, akapunguza upepo wa tairi kwa kucha, akaniambia nishuke, niweke gia ya pili, niachie klachi taratibu na nitembee pembeni ya pikipiki kama ninayempeleka mgonjwa chooni. Ikatoka. Nilikaa kwake miaka mitatu, na karibu yote ninayoyajua kuhusu tope nilijifunza pale. Tope jekundu la milima ya Tarime linateleza lakini lina chini yake. Ukivumilia utaipata ardhi. Tope jeusi la mbuga, lile la kushukia Serengeti, halitelezi, linashika. Linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linasimama, na hapo hata uwe na nguvu za fahali hutakwenda. Ndiyo maana tuling'oa madigadi za mbele na kubeba kijiti cha mti mgumu cha kuchokolea. Vijana wa leo mnabeba simu zenye ramani. Bebeni na kijiti.

Msafara ulianzishwa na Wambura, aliyekuwa dereva wa magari ya watalii huko hifadhini. Aliona watu kutoka Kisumu, Nairobi na Mwanza wana pikipiki za lami na pori, zile ndefu zenye tairi za meno, na hawana mahali pa kuzichafulia. Akaamua kuwaalika kila masika kwa siku mbili: kutoka Bomani kushuka Nyamongo, kuvuka mto Mara, kupita vijiji vya Serengeti hadi Mugumu, na kulala kwenye mahema karibu na bwawa la Manchira. Wazee wa vijijini walimuuliza kwa nini asiwalete kiangazi barabara ikiwa nzuri. Wambura akawaambia kwamba wageni hawa wanataka tope. Wazee wakasema basi wageni wamefika, na wakatoa ng'ombe njiani.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mbele alikwenda Wambura. Kwenye kila njia panda ambapo tulitakiwa kukata kona, alisimama mtu wetu mmoja na pikipiki yake, akaonyesha mkono upande wa kwenda. Mtu wa kona haondoki mpaka mfagiaji apite. Mfagiaji akishapita, maana yake nyuma hakuna mtu, kazi ya mtu wa kona imeisha, anaruhusiwa kwenda kambini. Na njia panda isiyokuwa na mtu maana yake ni moja tu: nenda moja kwa moja. Sheria hizo Wambura alizisoma kila asubuhi kwa sauti kama katekista, na mwishoni aliongeza ya nne: ukipotea, kaa ulipo, mfagiaji atakuja.

Mfagiaji wa kwanza alikuwa Fundi Issa. Mgongo wake ulipokataa, alinipa kizibao. Kilikuwa cha rangi ya chungwa, chenye mistari ya kung'aa, na mgongoni shemeji yake alishona kitambaa cheusi chenye alama ya msafara. Alinivalisha mwenyewe, akafunga vifungo.

"Hiki si nguo," alisema. "Hiki ni neno. Kikipita mahali, kimesema kitu."

Nilidhani ni maneno ya kawaida ya mzee anayeacha kazi. Sasa ninayaandika mwenyewe na ninajua yanavyosikika.

Miaka ile kizibao kilikuwa na kazi nyingine pia. Kwa sababu ya rashi, vijiji vilikuwa vimeweka vizuizi vya sungusungu, na vijana wenye marungu walisimamisha kila bodaboda wakitafuta viroba vya mawe yaliyoibwa. Kupekuliwa kungeweza kuchukua saa nzima, hasa kama aliyekupekua hakuwa na shughuli nyingine. Wambura alikwenda kwa wenyeviti wa vijiji, wakakubaliana kwamba mwenye kizibao cha chungwa cha msafara apite bila kusumbuliwa. Ninalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima na wageni walifurahi sana. Tulipovuka mto Mara na kuingia kwenye udongo mweusi furaha ikapungua, na mimi nikaanza kuokota. Wa nyuma kabisa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa karani wa benki kutoka Mwanza, kijana mpole mwenye mavazi mapya ya bei kubwa. Wa pili alikuwa mama wa Kijaluo kutoka Kisumu, muuguzi aliyesimamia wodi, na wote tulimwita Matroni. Alikuwa amepita hamsini na alipanda pikipiki ndogo iliyochoka. Ilikuwa na tairi la nyuma la lami, kipara lisilo na meno, ambalo nilikuwa nimelilalamikia asubuhi wakati nikimzibia pancha.

"Omera," alikuwa ameniambia, yaani ndugu kwa Kijaluo, "mimi pia niko na vipara na bado natembea. Ziba hiyo kitu twende."

Karani alianguka mara nne. Mara ya tano alitanguliza mkono. Nilisikia mfupa kabla hajapiga kelele. Matroni alishuka, akamkalisha juu ya jiwe, akauliza nina nini cha kunyooka. Nikampa vyuma viwili vya kutolea tairi. Akavifunga pande mbili za mkono kwa vipande vya mpira wa ndani, huku akimsema.

"Wewe ni karani. Mkono ndio jembe lako. Nani alikufundisha kuanguka na jembe mbele?"

"Samahani, Matroni."

"Usiniombe mimi samahani. Omba huo mkono."

Gari letu lenye sanduku la dawa lilikuwa limezunguka kwa barabara kubwa na lilitusubiri ng'ambo ya vijiji viwili. Pikipiki yangu ilikuwa imebeba vyuma, mafuta na kamba; haikuweza kubeba mtu. Akatokea bodaboda anayeitwa Samweli, niliyemfahamu tangu siku za kubeba mikate. Alikubali kumpeleka karani, lakini akakuna kichwa.

"Kaka Mwita, vizuizi viwili huko mbele. Watanipekua mimi, watampekua na huyu na mkono wake. Tutafika kesho."

Nikavua kizibao nikampa.

Sikufikiri hata kidogo. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kulikuwa na sauti yoyote kichwani iliyonionya, na sikumbuki. Nilijiona mwerevu. Samweli akakivaa, kikambana kifuani, karani akapanda nyuma na helmeti yake, nikamwambia Samweli afuate alama za tairi na watu wa kona. Matroni nilikuwa nimeshamruhusu atangulie polepole, na hilo lilikuwa kosa la pili, kwa maana mfagiaji hamwachi wa mwisho akatoka kwenye masikio yake. Nilimwambia, "Kwenye mikonge utamkuta Chacha, mtu wa kona, atakuonyesha kushoto. Mimi ninasukuma pikipiki ya karani kwenye ule mji pale, kisha ninakuja." Mji huo, yaani boma la mtu mmoja, ulionekana karibu. Kwa tope lile haukuwa karibu.

Sasa nieleze nilichokuja kukielewa jioni. Samweli, ambaye alilijua tope kuliko sisi wote, alimpita Matroni aliyekuwa amekwama anachokolea gurudumu lake, akampungia mkono. Chacha alikuwa amesimama Njia Panda ya Mikonge tangu saa tatu asubuhi, mvua ikimpiga. Alimwona mtu wa kizibao cha chungwa anakuja, uso wote tope, amebeba mtu wa msafara mgongoni. Kwetu sisi hiyo ilikuwa habari kamili. Mfagiaji akibeba mtu, pikipiki ya mtu wa mwisho imekufa na imeachwa, na nyuma hakuna kitu. Chacha akapunga. Samweli akapunga. Chacha akapiga kiki akaenda kambini kutafuta chai.

Mimi nilipofika kwenye mikonge sikumwona mtu. Palikuwa na maganda ya muwa aliokuwa anatafuna Chacha, na nyayo za gambuti zake zikijaa maji. Nikasimama katikati. Kushoto kulikuwa na alama za tairi za watu wote, zimekanyagana kama njia ya ng'ombe. Moja kwa moja kulikuwa na alama moja tu. Ilikuwa nyembamba, haina meno, na kila baada ya mzunguko ilikuwa na mkwaruzo mmoja mahali nilipokata mpira kwa kisu asubuhi ile.

Matroni alikuwa ametii sheria. Nilimwambia kuna Chacha, lakini Chacha hakuwepo, akaona kwamba mikonge niliyosema bado iko mbele, na njia panda isiyo na mtu maana yake ni moja kwa moja.

Moja kwa moja kulikuwa na maduara. Duara ni shimo la wachimbaji. Hapo palikuwa na rashi misimu miwili nyuma. Watu walichimba kama panya, hawakupata kitu, wakaondoka bila kufukia. Nyasi zikaota kwenye vifusi na maji ya masika yakajaa mashimo mpaka mdomoni, hivi kwamba ukipita na pikipiki unaona uwanja wenye madimbwi. Dimbwi moja lina kina cha kifundo cha mguu. Linalofuata lina kina cha nyumba mbili. Kwa macho hayatofautiani. Mimi nilikuwa nimebeba mikate hapo na ninajua kilichokuwa chini.

Nilikwenda na pikipiki mpaka kifusi cha kwanza, nikazima, nikakata mkonge mkavu mrefu, nikaanza kutembea nikichoma ardhi mbele yangu kwa kila hatua. Niliita. Mvua ilikuwa kubwa na sauti haikwenda mbali. Alama ya tairi niliifuata ikizunguka dimbwi moja, ikipita kati ya mawili mengine kwa bahati tu, kisha ikaingia kwenye maji na haikutoka upande wa pili.

Juu ya maji kulikuwa na rangi za petroli, zile kama upinde wa mvua, zikizunguka polepole. Nikaingiza mkonge. Ulikwenda wote na mkono wangu mpaka begani, sikugusa kitu. Nakumbuka nilivua helmeti nikaiweka vizuri juu ya nyasi, imeelekea juu ili isiingie matope, kama mtu aliyefika kanisani. Nilifikiria nitamwambia nini Wambura. Nilifikiria pia kwamba maji yale yana baridi na mimi sijui kuogelea. Nikaanza kufungua gambuti.

"Wewe! Mwita! Simama hapo hapo!"

Sauti ilitoka kushoto. Alikuwa amekaa juu ya kifusi kidogo kisicho na ukubwa wa meza, magoti kifuani, mweusi kwa tope kuanzia kofia hadi kiatu, na kama asingesema ningemwona kama sehemu ya udongo.

"Unavua viatu za nini?" akauliza. "Unataka kuoga?"

"Nilidhani uko chini."

"Piki ndiyo iko chini. Ilienda kama jiwe, ikanitupa huku. Usisogee. Hiyo mbele yako ni shimo, na hiyo nyingine, na hii ya nyuma yangu. Nimerusha mawe pande zote, nikasikiliza. Ni upande mmoja tu mawe yameanguka kwa ardhi, lakini sikuamini."

"Upande gani?"

Akaokota udongo akarusha. Ukaanguka kwa kishindo kikavu, hatua sita hivi kutoka nilipokuwa. Akarusha tena, karibu zaidi. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Yeye alirusha, mimi nilisikiliza na kuchoma kwa mkonge, nikasogea. Nilifunga kamba ya kuvutia pikipiki kwenye shina la mkonge lililo hai, ncha nyingine nikamrushia, akaifunga kiunoni kwa fundo ambalo hata Fundi Issa angelisifu. Akatembea juu ya nyayo zangu moja baada ya nyingine. Aliponifikia alinishika mkono na hakuuachia mpaka tulipotoka kwenye vifusi.

"Umekaa pale muda gani?" nikamuuliza.

"Saa moja. Zaidi."

"Na hukujaribu kutoka?"

Akanitazama kama anayetazama mwanafunzi wa wodi. "Asubuhi mlisoma, ukipotea kaa ulipo, mfagiaji atakuja. Mlisoma ama hamkusoma?"

"Tulisoma."

"Basi. Nilikaa." Kisha akanitazama kifuani. "Na kizibao yako iko wapi?"

Nilimwambia. Nilitupa madumu ya mafuta na vyuma vyote kwenye nyasi, nikampakia, tukaenda hivyo hadi kambini Manchira, yeye akiniambia "pole pole" kwenye kila dimbwi, hata la barabarani.

Tulifika jua halijazama. Chai ilikuwa inachemka na karani alikuwa amelala na mkono wake shingoni, maana Samweli alikuwa ameifanya kazi yake vizuri. Lakini pembeni, karibu na pikipiki yake, Chacha alikuwa amesimama peke yake. Gambuti za msafara alikuwa amezivua na kuzipanga chini. Gari lilikuwa limemleta karani amelala kwa dawa, kizibao kimekunjwa chini ya kichwa chake, watu wakahesabiana, wakaona tumepungua wawili, na Wambura alikuwa tayari anatafuta watu wa kurudi kututafuta. Chacha alikuwa ameomba kwenda nao. Wambura alimkatalia.

"Mtu wa kona anaondoka kwenye kona," Wambura alisema aliponiona, bado ana hasira. "Nimemwambia Chacha arudi kwenye mashimo yake. Huko hata akiondoka hakuna anayepotea."

Chacha alinitazama mimi, si yeye. "Mura, nilikuona," akasema taratibu, kwa lile neno letu la Kikurya la kuitana vijana. "Nilikuona umembeba mtu."

Niseme kwamba palikuwa na muda mfupi, kama wa kumeza mate, ambapo ningeweza kunyamaza. Samweli alikuwa ameishia kwenye gari, na karani alikuwa amelala. Matroni alikuwa anavua koti. Chacha alikuwa na mke na watoto Nyamongo, na aliacha kuchimba kwa sababu ya kazi hii. Kurudi kwenye mashimo kulikuwa na maana moja tu kwake, na wote tulijua ameshamzika kaka yake huko.

"Sikuwa mimi," nikasema. "Ulichoona ni kizibao. Nilikivua nikampa bodaboda. Chacha hakukosea. Aliona mfagiaji akipita na mtu mgongoni, akaondoka kama sheria inavyosema. Anayestahili kuvua gambuti ni mimi."

Nikaanza kuzivua, kwa mara ya pili siku hiyo. Wambura alitazama gambuti zangu, kisha za Chacha. Alikuwa mtu anayekasirika haraka na hakupenda kubadilishiwa mtu wa kumkasirikia.

Matroni ndiye aliyeongea. Alikuwa amepewa kikombe na amekishika kwa mikono yote miwili.

"Huyu anataka kuvua viatu kila mahali," alisema. "Vaa, omera. Wacha niwaambie kitu. Kwa wodi, zamu ikiisha, sioni mtu mwenye yunifomu mlangoni nikaenda nyumbani. Yunifomu hata mpishi anaweza vaa. Yule anaingia, tunasimama wote kwa kitanda, nasema jina ya mgonjwa, yeye anasema, tunaenda kitanda ingine. Mpaka amenishika mkono, mimi siendi. Nyinyi mnapungiana tu kama watoto wa shule. Leo nimekaa kwa matope saa nzima sababu ya kupungiana."

Wambura alichota chai akampelekea Chacha, na alipofika pale akainama akamsogezea gambuti zake. Kuomba radhi hakukuwa tabia yake, na Chacha hakusubiri. Alizivaa.

Kuanzia asubuhi iliyofuata tuliweka sheria ya tano, na hii ndiyo mnayoijua ninyi mliokuja baadaye na kuilalamikia. Mfagiaji anasimama kwenye kila kona. Anazima injini. Anampa mtu wa kona mkono, anataja jina lake mwenyewe, anataja la mwenzake, anaulizwa kama nyuma kuna mtu, na anasema "hakuna, unaweza kwenda." Ndipo mtu wa kona anaondoka. Mtu akinyoosha mkono bila kutaja jina, Chacha alikuwa anauacha umening'inia hewani. Najua inachelewesha msafara. Najua mnajuana wote. Samweli na mimi tulijuana na Chacha pia.

Matroni alirudi misimu mingi na pikipiki nyingine, na tairi zenye meno. Alikuja mpaka magoti yalipomkataza. Pikipiki ya kwanza bado iko chini kule. Siku moja kutatokea rashi nyingine na kijana fulani atachimba, atakuta chuma, na atakimbia kuwaambia wenzake.

Fundi Issa nilimsimulia yote nilipomtembelea Bomani. Alisikiliza huku akifuta plagi. Nilitegemea anikumbushe aliyoyasema siku aliponivalisha kile kizibao. Hakunikumbusha. Aliniuliza tu kama vyuma vya kutolea tairi nilivichukua tena kwenye mkono wa karani, kwa sababu vilikuwa vyake.

Masika haya magoti yangu nayo yamesema. Nilimwomba Wambura, ambaye sasa ni mzee na anaongoza akiwa ndani ya gari, anifanyie jambo moja kwa safari ya mwisho. Kizibao apewe Bhoke, na mimi nikasimame Njia Panda ya Mikonge. Chacha, ambaye kona hiyo imekuwa yake miaka yote, alinipisha akasema nisisahau muwa.

Pamebadilika. Mashimo yalifukiwa, sasa kuna mahindi, na mikonge imebaki michache. Nilisimama mvuani nikionyesha kushoto. Wageni walipita, wengine wakinipigia honi. Walipokwisha nikabaki peke yangu na muwa wangu. Siku hizi kila bodaboda ana kizibao cha chungwa. Walipita watatu, mmoja akiwa amebeba mtu, na wote walinipungia. Niliwapungia. Sikusogea.

Nilisubiri sana. Sikuwahi kujua jinsi mtu wa kona anavyosubiri, ingawa niliwasubirisha watu miaka yote. Hatimaye Bhoke akatokea, tope mpaka kwenye meno, kizibao kimempwaya. Akasimama. Akazima injini. Akavua glavu na kunipa mkono.

"Bhoke," akasema.

Mkono nikauacha hewani.

"Ah, tata, baba yangu! Sijamaliza. Bhoke. Na wewe ni Mwita."

Nikaushika.

"Nyuma kuna mtu?"

"Hakuna," akasema. "Unaweza kwenda."

Maneno hayo niliwaambia watu wa kona wote, kwenye kila njia panda kati ya Tarime na Manchira. Mfagiaji ndiye anayeyasema, na nyuma ya mfagiaji hakuna mtu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniambia mimi. Nikapiga kiki. Ilikataa mara mbili, Bhoke akacheka, ya tatu ikashika. Nikaondoka mbele yake.